Dirisha la Tano la Mzee Nathanaeli

Tarehe 30 Juni 1977 Mzee Nathanaeli Shemhilu anastaafu, baada ya miaka ishirini na miwili ya ukarani katika ofisi yetu ya wilaya hapa Lushoto. Alianza kazi enzi za mkoloni, na hajachelewa hata siku moja, ingawa hushuka kwa miguu kutoka Magamba, iwe mvua iwe ukungu.

Wengi tutamkumbuka kwa kadibodi yake. Daftari za vijiji zina safu nyingi, kila kaya mstari mmoja, lakini mara nyingi wakubwa hutaka safu chache tu. Sisi tulifuata kwa kidole na kuruka mistari bila kujua. Yeye alichukua ubavu wa boksi la chaki, akautoboa madirisha kwa wembe, akaulaza juu ya ukurasa. Yanayotakiwa yakaonekana, mengine yakafichika. Kazi ya wiki aliimaliza kwa siku moja na nusu, kisha akatuuliza kama tunahitaji miwani.

Mwaka 1974, mwaka wa njaa na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tulitakiwa kutoa orodha ya mgawo. Mzee alitoboa dirisha la tano, la safu ya Maelezo. Mimi, Tobia, msimamizi wake, nikaliziba kwa karatasi, maana lori la mgawo lilikuwa linanguruma nje na kusoma Maelezo kungetuchelewesha. Alinionya. Nikamjibu aandike anachokiona.

Bibi Paskalina wa Gare alihesabiwa mtu mmoja. Kwenye Maelezo kulikuwa kumeandikwa kwamba analea wajukuu wanne yatima. Kwa wiki sita watu watano walikula mgawo wa mmoja, na mjukuu mdogo akalazwa hospitali.

Kwenye kikao cha kumtafuta mwenye kosa, Mzee alisema tu, "Mwandiko ni wangu." Mimi niliinamia meza. Ukarani mkuu aliokuwa ameahidiwa nilipewa mimi. Yeye alikwenda Gare, akamwamkia bibi, akaomba radhi. Tangu hapo kila Jumamosi humpelekea viazi na maharage ya shamba lake.

Nimeomba Bibi Paskalina aalikwe leo, naye ameketi mstari wa mbele. Shikamoo, bibi. Karatasi ile niliibandika mimi. Mzee Nathanaeli, naona aibu kwa miaka mitatu ya kunyamaza, nisamehe.

Wenzako wote tunakushukuru, na tunakuombea uzee wenye afya huko Magamba. Jumamosi hii pumzika. Mzigo wa Gare nitaubeba mimi.