Kimya cha Gozbert, Mpeleka Simu

Baba Padre, wazee wetu, majirani wa Temeke mlioketi juani tangu asubuhi, mimi ni Kokushubila, binti mkubwa wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Gozbert Theonest, kazi ambayo kwa desturi ingekuwa ya mjomba Fransis mwenye sauti nene, lakini mjomba amesema hataweza, na sababu yake mtaiona hukohuko mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1905 huko Kanyigo, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Theonest, akabatizwa angali mchanga, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na hapa ningeweza kusema, kama isemwavyo makaburini, kwamba alikatishwa masomo na shida za nyumbani, ila ukweli ni kwamba shule hakuipenda, mwenyewe alisema mwalimu alikuwa akiuliza maswali asiyotaka yajibiwe.

Mwaka 1926 alifika Dar es Salaam, akabeba mizigo bandarini, na mwezi Agosti 1928 akapata kazi ya kupeleka simu za maandishi kwa baiskeli, njia yake ikiwa ni ya Kinondoni, ambako wakati huo palikuwa na minazi, mihogo na nyumba za makuti. Simu siku zile haikumfikia mtu wetu ila kwa jambo zito, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, aliyeileta ndiye aliyeisoma, basi baba akajiwekea desturi yake, akifika na habari ya kifo haisemi mlangoni, anaegemeza baiskeli, anavua kofia, anaomba maji, anaketi mkekani na kunyamaza mpaka mwenye nyumba aulize mwenyewe. Watu wakamsifu, kijana ana adabu, kijana ana busara ya wazee, naye, nasema haya kwa mapenzi, sifa zile zilimkolea.

Tarehe 14 Aprili 1931 alipelekwa kwa Bibi Bernadeta, mjane wa karani mmoja wa Kihaya aliyekuwa akiishi Kinondoni, ambaye mwanawe Fransis, ndiye huyu mjomba wetu, alikuwa amelazwa Tabora kwa homa kali tangu Kwaresima. Simu ilisema Fransis amepona na atafika kwa gari moshi Jumamosi. Lakini ilikuwa masika, baba alikuwa ameisukuma baiskeli matopeni mpaka pumzi zikamwishia, kwa hiyo alipofika aliegemeza baiskeli, akavua kofia aikung'ute maji, akaomba maji ya kunywa, akaketi apumue. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini, akapiga yowe lililovuka mashamba.

Mzee Salumu, jirani yake Mzaramo, alikwisha kutandika majamvi uani na kutuma watu wapasue kuni kabla baba hajafungua kinywa, na alipokifungua akasema, "Mama, ni mzima, anakuja," hakuna aliyemsikia kwa vilio, na waliomsikia walidhani anambembeleza mfiwa. Ndipo binti wa nyumba ile, Demetria, aliyejua kusoma, akampokonya ile karatasi, akapanda juu ya kinu na kupaza sauti, "Nyamazeni nyote, Fransis yu hai!" kisha akamgeukia baba, "Na wewe, kaka, mdomo wako umeuacha wapi?" Mzee Salumu akakunja jamvi lake akisema, "Huyu siku akioa, padre atamwuliza kama amekubali, nasi tutalala kanisani tukingoja jibu."

Watu walicheka, bibi hakucheka, alimtazama baba akamwambia, "Umemzika mwanangu mbele ya macho yangu." Ndiyo maana mjomba hawezi kuwasomea haya, ni habari ya msiba wake mwenyewe.

Baba alitusimulia kwamba alianza kumpenda mama kwa lile swali la mdomo. Januari 1932 akatuma wazee wakapose, bibi akawapokea vizuri, akawapa kahawa ya kutafuna, kama Wahaya wanavyomheshimu mgeni, akaketi nao, na hakusema neno. Mwanzoni wazee walimsifu kwa utulivu wake, jua lilipoanza kuinama wakaelewa kuwa wanajibiwa, wakachukua fimbo zao wakaondoka. Baba akajua amemkosa Demetria, na amemkosa kwa kitu kilekile alichosifiwa nacho.

Wiki iliyofuata akaenda peke yake, bila zawadi na bila mshenga, akasimama mlangoni, "Shikamoo, Mama, sikuja kuposa. Nimekuja unieleze nilichokufanyia." Bibi akamwonyesha kigoda, akamweleza tangu mchana mpaka magharibi, jinsi alivyokwisha kuichagua moyoni kanga ya kumfunika mwanawe, jinsi alivyomwambia Mungu maneno ambayo hata Fransis aliposhuka kwenye gari moshi hakuweza kuyarudisha. Baba hakutaja mvua, hakutaja matope, hakutaja nia yake njema. Bibi alipomaliza akamwuliza, "Na wewe huna la kusema?" Akajibu, "Ninalo, Mama. Kile kimya changu kilinipendeza mimi, wenye msiba wenyewe kiliwachoma, maana waliketi nami wakijua kuna kifo, na bado hawajui ni cha nani." Bibi akageuka, akaita ndani, "Demetria, lete chai, huyu sasa anasema kama mtu."

Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1932, padre aliuliza, baba akajibu upesi mno mpaka Mzee Salumu akapiga makofi kanisani, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi mwaka 1933, Audax 1936 na Benedicta 1940.

Kazi yake baba hakuiacha, ila kimya chake alikihamisha. Penye heri alipaza sauti tangu njiani, penye msiba alisimama mlangoni akasema, "Mama, ni msiba, ni fulani," bila kuzunguka, na baada ya hapo ndipo alipoketi, akasikiliza, hata kama mtu alisimulia jambo moja mara nyingi, hata kama ofisini walimkaripia kwa kuchelewa. Hakumwambia mfiwa ajikaze. Wengi mlio hapa mliwahi kuketi naye, nanyi mnajua kuliko mimi.

Mwaka 1951 tulihamia hapa Temeke, na Septemba 1957 marehemu akaanza kuugua figo, akalazwa baada ya Noeli. Mwishoni mwa Januari daktari alimwita mama pembeni akamwambia hakuna tena la kufanya, na ndugu tukamzunguka mama kwa ushauri, usimwambie, mpe moyo, mwambie atarudi nyumbani kabla ya mvua. Mama alitusikiliza wote hadi mwisho, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaingia, akasema akiwa bado amesimama, "Baba Koku, daktari anasema hutatoka humu." Kisha akavuta kigoda. Baba akasema, "Ahsante, Demetria, nilichoka kuwaona mkitabasamu," na tangu hapo alizungumza, yeye aliyezoea kusikiliza, akazungumza siku kwa siku, juu ya mama yake, juu ya Kanyigo, juu ya hofu yake, na mama na bibi wakasikiliza. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 1958, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Bibi Bernadeta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa daktari aliyesema kweli na aliyeisema kwa upole, tunawashukuru wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza, majirani wa Temeke kwa maji na kuni, na watoto wa Mzee Salumu waliokuja tangu Kinondoni na majamvi ya marehemu baba yao. Mtakaofika nyumbani jioni ya leo, msihangaike kutafuta maneno ya kuwaambia mama, bibi na mjomba Fransis, wao wanayo yao, na yataanzia mbali, nyinyi ketini muwasikilize.

Baba, umesikiliza watu wengi, pumzika sasa kwa amani.