Sabuni Inayouma Ulimi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kwenye pikipiki, egesha kwanza. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa hapa Mpanda, mtaa wa Makanyagio. Jina lake Skolastika. Skolastika alikuwa mpika sabuni. Si ya kufulia, hapana. Sabuni ya kunyolea.

Alianza kwa sababu ya shingo ya mumewe. Mumewe ni mzee Ponsian, kinyozi, yule mwenye kibanda nyuma ya stendi. Povu la dukani lilikuwa linamtoa vipele shingo nzima. Sasa niambieni, kinyozi mwenye vipele, nani atampa kidevu chake? Wateja walichungulia, wakamwona, wakageuza. Skolastika akasema basi, yatosha. Akachukua mafuta ya ng'ombe, akachuja maji ya majivu ya kuni, akatia na asali, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Alikosea mara nyingi. Mara ikawa uji, mara ikakatika kama maziwa mabovu. Lakini ilipokubali, ilikubali kweli. Vipele vikaisha na benchi la kibanda likajaa.

Ila alikuwa na sheria moja, na naomba muishike. Sabuni ikishaganda inakaa kwenye rafu jikoni, wiki baada ya wiki, mpaka ukali uishe. Haitoki pale mpaka Skolastika ailambe. Ndiyo, ailambe. Ikiuma ulimi kama umelamba betri ya redio, bado. Isipouma, imeiva. Binti yake Donatille anasema, "Tulikuwa tunamcheka. Mama anaonja sabuni kuliko mboga."

Kiangazi kimoja shemeji yake akamletea gunia la majivu kutoka Inyonga. Majivu ya mabua ya tumbaku. Kule yanatupwa tu. Skolastika akayapokea kwa furaha, akayapima kwa kopo lile lile la majivu ya kuni. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu majivu ya tumbaku ni makali, ya kuni hayaoni ndani. Na akakosea tena: hakumwambia mumewe. Aliipanga sabuni mpya kwenye rafu ile ile, ya zamani ikiwa imekwisha, akaenda bondeni kumwagilia bustani.

Huku nyuma Ponsian akaitwa kwenye matanga. Mzee Malale, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake njia ya kwenda Ugalla, alikuwa amefariki. Siku hiyo wafiwa walikuwa wananyolewa, na kinyozi wao alikuwa kitandani na homa. Ponsian akaingia jikoni, akakomba vipande vya sabuni kwenye rafu, akaondoka. Mazoea yana taabu, wasikilizaji.

Skolastika alirudi akakuta rafu tupu. Jirani akamwambia mumewe yuko wapi. Kwenye sufuria kulikuwa na mabaki yamegandia, akayalamba. Ulimi uliwaka mpaka sikioni. Akapiga simu ya Ponsian, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Na mjue kwamba wakati ule kulikuwa na maneno kati ya wakulima wa huku na ukoo wa Malale. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi ya watu na kesi ilikuwa bado mbichi. Kinyozi wa upande wa wakulima akimuunguza mjane wao siku ya matanga, nani ataamini kwamba ni bahati mbaya? Skolastika alidaka bodaboda, akaenda hivyo hivyo, ndoo ya kumwagilia ikiwa mkononi. Njia nzima hakukumbuka kuiacha.

Alipofika alimkuta Ng'washi, mjane wa Malale, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, nusu ya kichwa imefunikwa povu. Katika ukoo ule, mjane akianza kunyolewa hasemi wala hagusi kichwa chake mpaka wembe umalize. Ponsian alikuwa ananoa wembe. Yeye hakuwa amehisi kitu, vidole vyake vimeshakuwa sugu. Ng'washi alikuwa anatiririka machozi, na wote waliona ni majonzi. Skolastika aliona ni sabuni.

"Baba Donatille, acha," alisema. "Haijaiva hiyo. Inamuunguza."

Makoye, mdogo wake marehemu, akasimama na fimbo yake. "Mama, wembe ukishatoka hapa hauzuiwi. Unataka msiba ubaki kwenye boma letu?"

"Sitaki, baba. Mwosheni tu huyo mama."

"Juzi mmetupeleka kwa mtendaji kwa ajili ya ng'ombe. Leo mnatuzuilia matanga. Nyie watu mna nini na sisi?"

Vijana wakaanza kuinuka. Mzee Ponsian ameniambia mwenyewe, "Nikaona kabisa, hapa sitoki."

Wahenga wanasema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Skolastika hakutia maji. Alivua kitambaa, akachota povu kwenye bakuli kwa viganja viwili, akajipaka kichwa kizima. Kisha akaketi pale mkekani ubavuni kwa Ng'washi, akanyoosha miguu vilevile.

"Huyu haruhusiwi kusema," alisema. "Kichwa changu kitasema badala yake. Kitazameni."

Ngozi ya paji lake ikaanza kuwa nyekundu. Macho yakajaa maji, sawa na ya Ng'washi. Ng'washi hakugeuka, ila aliushika mkono wa yule mgeni akaubana. Makoye akamtazama huyu, akamtazama yule. Akachovya kidole kwenye bakuli, akakitia ulimini, akatema.

"Leteni maji," alisema. "Leteni na maziwa ya mgando. Haraka."

Waliwaosha wote wawili. Ng'washi akamaliziwa kwa maji matupu. Skolastika akataka kuinuka, na Makoye akamzuia, safari hii kwa upole. "Aliyeketi kwenye mkeka wa wafiwa hainuki na nywele zake. Kinyozi, mnyoe na huyu."

Wasikilizaji, mnaelewa jambo hilo? Mke kunyolewa msiba wakati mume wake ndiye ameshika wembe? Mtaani walisema anamchuria mumewe. Ponsian alinyoa, lakini anasema, "Nimenyoa vichwa vingi. Kile sikisahau. Nilihisi nanyoa mjane wangu."

Ponsian hakufa. Nywele za mkewe ziliota tena, isipokuwa kipande juu ya sikio la kushoto, na hapo alipafunika kwa kitambaa mpaka mwisho. Kutoka siku ile ukoo wa Malale ulimwita dada. Yeye naye hakuacha kupika sabuni, ila kopo la kupimia majivu ya tumbaku alilitenga.

Wiki iliyopita presha imetuchukulia Skolastika. Siku ya kunyoa, Ponsian alitoka jikoni na sabuni mkononi, akasimama tu uani. Ilikuwa sabuni ya mwisho aliyoipika mkewe. Imeiva? Haijaiva? Aliyekuwa anailamba ndiye tuliyemzika. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu.

Ng'washi alikuwepo na watu wake, wametoka njia ya Ugalla asubuhi bila kuitwa na mtu. Bibi mzee sasa. Akaichukua ile sabuni kwa Ponsian, akailamba. Watu wote uani tulikuwa tunamtazama mdomo.

Alivua kitambaa chake, akaketi kwenye mkeka wa wafiwa, akanyoosha miguu, akainamisha kichwa mbele ya Ponsian. Ponsian akachovya brashi.

Mzee Ponsian, Donatille, mama Ng'washi na ukoo wote wa Malale, poleni sana. Mungu awape nguvu, na kwetu hapa redioni msiba huu ni wetu pia. Nawe unayenisikiliza, yuko mtu jirani yako leo anaungua na hawezi kusema. Pengine ni yule ambaye kesi yenu bado mbichi. Mtazame vizuri machozi yake, kisha ujiulize kama uko tayari kwenda kuketi kwenye mkeka wake.

Skolastika aliketi.