Rhoda Marwa, Mama Wema: Aliyekataa Kuomba Kura Siku ya Sabato

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni dada yangu, Rhoda Marwa. Wengi wenu mlimwita Mama Wema, na wachimbaji walimwita Mama Sabato. Alizaliwa tarehe 17 Mei 1969 wilayani Tarime, mtoto wa pili wa Mzee Marwa na Mama Agnetha, ambao walimlea katika imani ya Waadventista Wasabato.

Alisoma shule ya msingi Tarime, kisha akapelekwa kwa shangazi yetu Ngokolo, mjini Shinyanga, ambako alihitimu kidato cha nne mwaka 1987. Katika kwaya ya kanisa huko Ngokolo alikutana na Ayubu Mayala, fundi wa kuchomelea, kijana wa Kisukuma aliyeimba besi na kupotoka sauti kila wimbo. Marehemu alikuwa akisema alimkubali ili apate kumfundisha akiwa nyumbani. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1993, wakajaliwa mabinti wawili, Wema na Violeth.

Mwaka 1996 walihamia Bulyanhulu. Shemeji alichomelea vyuma na dada akawapikia wachimbaji wadogo. Ijumaa jua likianza kushuka, mtu alipiga kelele, "Kuleni haraka, Mama Sabato anafunga na jua!" Aliyechelewa alipewa ugali bure, kwa sababu saa hiyo hakupokea tena hela. Mwaka 2003 walihamia hapa Katoro, akafungua mgahawa karibu na stendi, akauendesha mpaka maradhi yalipomzuia.

Nanyi wanakitongoji mnajua kuwa mwaka 2019 aliomba chama chake kimteue kugombea uenyekiti wa kitongoji. Mwenzake aliyeomba alikuwa Mzee Zamoyoni, muuza vipuri, Mwislamu. Mkutano wa kura za maoni ulipangwa Jumapili. Watu wakalalamika kwamba watakuwa kanisani, ukahamishiwa Jumamosi, tarehe 5 Oktoba. Dada alimfuata katibu wa chama, akamwomba ufanyike siku ya kazi, au uanze jua likishazama.

"Mama Wema," katibu akamwambia, "tukianza kufuata dini ya kila mtu, hatutafanya uchaguzi."

"Na Jumapili mliiondoa kwa sababu gani?"

Katibu hakubadilisha siku. Shemeji naye alimsihi: "Nenda useme maneno mawili tu, urudi ibadani." Akakataa. Siku hiyo jina lake lilisomwa, hakuna aliyesimama, likafutwa. Mzee Zamoyoni akapita bila kupingwa. Kilichomuumiza zaidi ni maneno ya mitaani kwamba afadhali iwe hivyo, kwani angeshinda, nani angewahudumia wafiwa siku ya Jumamosi? Nyie mnaojua ni misiba mingapi ya Jumamosi alishinda akiwafariji wafiwa, mlisikia maneno hayo. Alilia mbele yangu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tumzike baba.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo kutokana na shinikizo la damu, akawa anasafishwa damu katika hospitali moja jijini Mwanza. Oktoba 2024 kura za maoni zilirudi, safari hii siku ya Alhamisi. Mzee Zamoyoni aliomba tena. Mwanachama mmoja akasimama akasema kitongoji hiki ni cha Wakristo, kwa hiyo sasa achaguliwe Mkristo. Watu wakapiga makofi. Dada, aliyekuwa ameketi akijifunika kitenge, alimshika Wema mkono akainuka.

"Mnaposema Wakristo, na mimi nimo?" akauliza. "Maana mwaka ule sikuwemo."

Wachache walicheka.

"Kama Mzee Zamoyoni hakuwasikiliza, semeni. Kama mitaro haikuzibuliwa, semeni. Mnyimeni kura kwa kazi yake. Kusali kwake mwachieni mwenyewe."

Ningependa kuwaambia kwamba Mzee Zamoyoni alishinda. Hakushinda. Mmoja wa waliopiga makofi alikuja mgahawani wiki hiyo kumtaka radhi dada, naye akamjibu, "Mimi umeshanisalimia. Nenda dukani kwa mwenyewe." Nilipomuuliza kama hakuwa na kinyongo na mtu aliyepata kiti kwa yeye kufungiwa nje, alisema, "Wiliam, mlango ule niliufahamu. Ningekaaje nikauangalia ukifungwa tena?"

Hali yake ilibadilika Februari mwaka huu wa 2025. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Machi, alifariki dunia hospitalini Mwanza, mumewe akiwa kando yake. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia, na ninyi mliochangia safari zake zote.

Marehemu ameacha mume, Ayubu, mabinti, Wema na Violeth, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake. Ameacha pia rafiki, Mzee Zamoyoni, ambaye tangu Jumanne amekaa mlangoni petu akiwapokea wageni. Jana nilimwambia akapumzike, akasema, "Niache, Wiliam. Hapa ndipo pangu." Familia inakubali kwamba ndipo pake.

Lala salama, dada, mpaka Bwana atakapokuita asubuhi ile. Amina.