Siku Baba Alipogeuza Mashua

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani, mimi ni Salome, mtoto pekee wa marehemu, ukoo umenituma niwasomee maisha ya baba, nami naomba mnivumilie sauti ikinikatika.

Elisha Semboja alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Vugiri, wilayani Korogwe, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1975, kisha akajifunza ufundi wa redio mjini Tanga, na mwaka 1984 akafungua kibanda chake cha ufundi hapa Hale. Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na mama yangu, Beatrisi, wa Kang'ata, Handeni, nami nikazaliwa tarehe 2 Mei 1990.

Mwaka 1998 aliitwa Tanga kutengeneza rada ya mashua ndogo ya tanga iliyobeba watafiti wa matumbawe, nahodha wake, Mzee Valentino, akamwomba abaki nayo, na tangu hapo baba akawa baharini wiki tatu za kila mwezi. Kazi yake ilikuwa kukaa peke yake mbele ya kioo cha rada, ambako mvua huonekana kama doa, analipima umbali, anasubiri dakika kumi, analipima tena ajue linaelekea wapi, ndipo anamwambia nahodha pa kupita. Nyumbani tulimzoea kama mgeni.

Tarehe 17 Aprili 2009, asubuhi, akiwa bandari ya Mkoani, Pemba, nilimpigia simu kwamba mama amezidiwa hospitalini Korogwe, akasema, "Mwambie nakuja, leo hii." Waling'oa nanga saa mbili, na ilipokaribia saa nne rada ikaonyesha mvua pana ya dhoruba imeziba njia yote ya Tanga, inawajia, na ndani ya mashua mlikuwa na watafiti wanne. Mzee Valentino, ambaye tuko naye hapa, alimwambia, "Elisha, mkeo ni mgonjwa, ukisema twende, tutakwenda." Baba alipima mara ya pili, akajibu, "Geuza, Mzee, hatutapita."

Mama alifariki saa kumi jioni, akiuliza kama gari lililosimama nje limemleta baba.

Baba alipofika kesho yake nilimwambia mbele ya watu kwamba amechagua mashua, naye akaacha bahari mwezi ule ule, akaishi peke yake hapa Hale miaka kumi na sita, mimi nikija Krismasi tu, tunakula, tunaongea habari za mahindi, naondoka. Ni juzi tu, hapa msibani, Mzee Valentino aliponieleza kwamba boti ya mizigo iliyowapita na kuendelea mbele siku ile haikufika, na kwamba baba alirudi hadi Mkoani bila kuinua uso kutoka kwenye kile kioo.

Alianza kuugua figo Januari 2024, hakuniambia hadi Julai, na alifariki nyumbani kwake tarehe 6 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa umeshikwa na jirani, Bi Zamda, mimi nikiwa kazini Handeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Zamda aliyempelekea uji kila siku, majirani wote wa Hale, na wenzake wa mashua. Watafiti wale wanne wametuma salamu za rambirambi, wote wako hai.

Baba, sikukuuliza hata mara moja kwa nini uligeuza, nisamehe. Pumzika kwa amani.