Nusu Daktari Ampima Samaki

Mjini Arua, mwaka wa sabini na tatu, ukitaka habari ambayo bado haijatokea, ulikwenda kwenye benchi la Asiku, fundi baiskeli. Lilikuwa ubao wa lori kuukuu mbele ya kibanda chake, na wenyewe walilikalia tangu kahawa ya tangawizi ichemke mpaka birika liwe tupu. Alikuwepo Mogga wa Koboko, aitwaye Redio kwa kuwa alimiliki redio na alisema kuliko redio yenyewe. Alikuwepo Gustave, Mkongo muuza vitenge. Huyo ni Dhahabu, maana hadithi zake zote zilianzia machimboni. Na Onzima, aliyefagia wodi hospitalini hadi akastaafu na kipima joto mfukoni, ndiye Nusu Daktari.

Siku hiyo Asiku alijiona mfalme. Mchuuzi mmoja wa Rhino Camp alikuwa amemwachia sangara wa kukaushwa kwa moshi, mrefu kama mkono wa mtu, shukrani ya kunyooshewa rimu. Tangu asubuhi Asiku alikuwa amemlaza samaki juu ya bati, juani, ili kila mpita njia amwone. Mkewe Driciru alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza baada ya miaka ya kusemwa na ukoo mzima. Samaki kama huyo ungempa nani mwingine?

— Asiku, hiyo samaki hapana peleka nyumbani, — Redio alisema. — Asubuhi nimesikia kwa redio samaki kubwa ya bahari huko Ulaya iko na zebaki. Mwanamke ya mimba akikula mingi, mtoto naharibika kichwa.

Spana ilimponyoka Asiku.

— Mingi ni kiasi gani?

— Pale betri ilikufa.

— Lakini hii iko ya Nile, si ya bahari!

— Ilisema ile kubwa, yenye kukula wenzake. Sasa angalia hii yako. Iko na sura ya kukula majani?

Wote walimtazama sangara. Mdomo wazi, meno nje, hakuwa na sura ya kutetewa.

— Zebaki mi naijua, — Dhahabu alidakia. — Kule kwetu batu banakamata nayo zahabu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Zebaki imekaa kwa tumbo ya samaki siku mingi, sasa imeanza kazi. Mukipasua, zahabu iko ndani.

— Zebaki natoka kwa ndege, — Redio alisema, hataki kupitwa. — Moshi yake naanguka kwa mto. Nile nang'aa asubuhi kwa nini? Maji tupu inaweza kung'aa?

Asiku alikuwa ameuona mng'ao huo tangu utotoni akidhani ni jua. Sasa hakuwa na hakika na lolote.

— Nyamazeni! — Nusu Daktari alichomoa kipima joto. — Ugonjwa hapana bishana, napima. Humu ndani iko zebaki. Damu iko nzito kuliko maji: ndugu akisikia ndugu yake, anasimama. Zebaki ikipanda, samaki iko na sumu. Ikilala, mukule.

Akakisukuma kwenye shavu la samaki. Hakuna aliyemeza kahawa. Alipokichomoa, zebaki ilikuwa imepanda mpaka mwisho wa kioo.

Dhahabu alipiga ishara ya msalaba, akashauri samaki azikwe, tena kwake nyumbani, na shimo lisiwe refu. Redio akasema kuzika chakula ni dhambi. Wao walio wanaume hawana mimba, basi wajitolee kumla hapo hapo.

Asiku hakucheka. Mwaka mzima alikuwa akipeleka samaki nyumbani, akijisifu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Hapo Driciru akatokea, tumbo mbele, kikapu mkononi. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama kijiweni, lakini habari za samaki zilikuwa zimemfikia.

Asiku alimweleza yote, macho chini.

— Nimekulisha sumu, Driciru. Mwaka muzima.

Driciru alimgusa samaki, akavuta mkono haraka.

— Iko moto hivi! Nani aliweka kwa bati, jua kali? Hiyo kipimo yenu ingeshuka namna gani?

Nusu Daktari alilipapasa bati kwa kidole, kisha akarudisha kipima joto mfukoni polepole.

— Hata hivyo redio ilisema… — Redio alianza.

— Asiku, — Driciru alimkata, — mwaka hii yote, mimi nilikula samaki kubwa siku gani?

Asiku alianza kuhesabu siku kwa vidole, akaacha. Samaki mkubwa hupikwa kwa ufuta na kupelekwa barazani kwa wanaume. Kichwa ni cha baba yake, mnofu ni wake na wageni, na sahani hurudi jikoni na miiba. Driciru hula muziri, vile visamaki vidogo kama kucha. Sumu haikumfikia, kwa sababu samaki hakumfikia. Asiku alifurahi mpaka akataka kulia, na papo hapo akaona haya.

— Na kwako, Redio, samaki kubwa nakula nani? — Asiku aliuliza.

Redio alianza kuzungusha vifundo vya redio yake iliyokufa betri. Dhahabu alichungulia kikombe chake. Mlikuwa na machicha tu.

Asiku alimega mnofu wa mgongoni, kipande cha kutosha kiganja, akampa mkewe mbele ya wote.

— Kidogo tu, Driciru. Kwa sababu ya mtoto.

— Kidogo, ndiyo. Lakini kwanza mimi.

Wale watatu walisogea, wakabanana upande mmoja wa benchi. Driciru akakaa, akala taratibu, na wanaume wanne wakangoja zamu yao.