Bi Mahfoudha binti Thani, Mama Duka wa Darsait

(Wasifu huu umesomwa na mdogo wake, Bi Nadra, nyumbani Azaiba, mbele ya watoto na jamaa, baada ya khitma ya siku ya tatu.)

Alhamdulillahi kwa kila hali. Leo tunamtaja Bi Mahfoudha binti Thani bin Jaifar, aliyezaliwa Nzega, Tanganyika, tarehe 9 Mei 1949. Baba yake alikuwa na duka pale Nzega, mji mdogo wa nyika na vumbi, na mtoto huyu alijua kupima mchele kabla hajajua kusuka nywele.

Alihitimu Kurani mapema, akasoma shule hadi darasa la nane. Mwalimu alitaka aendelee, baba akasema basi, yatosha. Alilia wiki nzima, kisha akaingia nyuma ya meza ya duka akaanza kumkosoa baba yake namna ya kupanga bidhaa. Ndivyo alivyokuwa, halii mara mbili kwa jambo moja.

Mwaka 1968 aliolewa na Salem bin Harub, mtu wa Unguja, mpole asiyejua kugomba, na Mungu akawaruzuku watoto watatu. Mwaka 1972 wakahamia Maskati, Salem akapata kazi serikalini. Kiarabu chao kilikuwa cha kuombea dua tu, na kila wakienda sokoni wanachekwa. Bi Mahfoudha akachoka kuchekwa. Mwaka 1974 akafungua duka la chumba kimoja Darsait, miongoni mwa maduka ya mwanzo ya Waswahili mtaani pale: nazi, mbaazi, unga wa muhogo, bizari, kanga. Mwanamke kuuza duka siku zile! Watu wakasema wee. "Waacheni waseme," akajibu, "wakimaliza watataka nazi." Na kweli, walikuja.

Kulikuwa na Mzee Talal, aliyefiwa na mkewe. Kila asubuhi ananunua nazi moja, anakaa kitini mpaka adhuhuri. Siku alipougua, Bi Mahfoudha akaenda kumtazama, akakuta nazi zimejaa mpaka chini ya kitanda, na nyumba nzima haina hata mbuzi ya kukunia. "Nazi ya nini, bibi?" akasema yule mzee. "Mimi nafuata Kiswahili."

Bwana Salem alifariki Februari 2021. Bi Mahfoudha akakaa eda hapa Azaiba, kwa mwanawe mkubwa, Mutasim, na mila zinajulikana: mjane hatoki. Mutasim, mtu wa wizarani, siku nyingi alikuwa akiona haya. Watu watasemaje, mama mzima na umri ule yu dukani anapima mbaazi, na yeye mwana ana nyumba ya ghorofa? Akaona eda ndiyo fursa ya kumpumzisha. Akauza bidhaa, akarudisha chumba kwa mwenye nyumba. Jamaa walijua, wakanyamaza. Wote walidhani wanamtendea wema.

Alipotoka eda alioga, akavaa nguo mpya, akajifukiza udi, akachukua funguo za duka. "Mutasim, nipeleke Darsait. Nnataka kupangusa vumbi kabla wateja hawajaja." Masikini Mutasim, akawasha gari, akampeleka. Walipofika, dukani mlikuwa na dobi, kanzu zimetundikwa kuanzia mlangoni.

"Mama, umechoka miaka yote hii," akasema. "Sasa pumzika."

Bi Mahfoudha alitazama sana. "Mmefanya vizuri," akasema. "Nirudishe nyumbani."

Hakulalamika, hakununa. Mutasim alimpeleka Umra, akampeleka Salala kutembea, akamnunulia dhahabu. Lakini wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Yule mwanamke wa maneno mengi akawa wa "naam" na "la". Wateja wakipiga simu kuuliza duka limehamia wapi, anawaambia, "Uzee huo." Inauma kulisema, ila ndilo lililokuwa.

Mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, na Oktoba akalazwa. Mutasim hakubanduka kitandani kwake. Siku moja akamshika miguu, akalia, akaomba radhi. Mama akampapasa kichwa.

"Radhi zangu unazo, tangu siku ile mlangoni kwa dobi," akasema. "Ila ungeniuliza, baba. Ungeniuliza tu."

Alifariki Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, alfajiri, akazikwa makaburi ya Amerat siku ile ile baada ya Alasiri. Ameacha watoto watatu, Mutasim, Khulood na Loai, wajukuu wanane, na mdogo wake Nadra.

Mutasim, nyanyua uso, mwanangu, radhi unazo. Mwenyezi Mungu amkunjulie kaburi lake, amtie Peponi, na ampe huko kila alichokitaka hapa tukamnyima kwa mapenzi yetu. Amin.