Godelive na Saa ya Upepo Kwenye Pistole Yake

Baada ya miaka makumi tatu na mbili ya kupaka magari rangi mu garaji yetu ya Bunia, Godelive anaingia retreti, anaacha kazi apumzike, siku ya Ijumaa, tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2025. Kwa desturi, mwenzake wa kazi ndiye anaandika ukurasa huu wa programu ya sherehe ya kuagana. Mara hii wafanyakazi walikuja kwangu wakasema: "Mama Agathe, andika weye." Wako na haki. Miye ndiye nilimuzaa, na tena nimeuza mandazi na chai kwenye mulango wa garaji ile tangu yeye hajaingia. Kama hiyo si kuwa mwenzao wa kazi, basi waseme ni nani aliwalisha. Masomo yangu yaliishia primeri ya tano, lakini kwa kumusifu mutoto wangu sihitaji diploma.

Alianza kwa kunibebea termosi. Siku moja, akingojea vikombe, alichukua papye-vere, ile karatasi ya kukwangulia rangi ya zamani, akaanza kukwangua mulango wa kamyonete bila mutu kumuomba. Wanaume walicheka. Muzee Gustave, mupaka rangi mukubwa wa pale, alipitisha kidole kwenye ule mulango, akasema: "Huyu binti musimufukuze. Nyinyi ndio mutafukuzwa." Kisha kumuona mwaka muzima, akamupa pistole.

Pistole ninayosema ni ile ya kunyunyizia rangi kwa upepo wa kompresa, musishituke. Askari mumoja kwenye bariere ya barabarani alimuuliza Godelive iko nini mu kitambaa alichobeba, naye bila kufikiri akajibu: "Pistole." Maskini yule kijana aliruka mupaka kofia ikaanguka. Alipoona mudomo wa ile chombo umejaa rangi ya bleu, alicheka sana, akaomba apakiwe pikipiki yake. Ilipakwa. Bado inatembea.

Magari aliyopaka siwezi kuyataja yote. Basi zinazoenda Aru, kamyo za mihogo za Marabo, ambulansi, magari ya harusi. Ukiona kitu chekundu kinapita mu vumbi na bado kinaangaza, ni mukono wake. Watu wakiniuliza nani alipaka, ninawajibu. Wasipouliza ninawajibu vilevile.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawalijui vizuri, na yeye amenipa ruhusa. Mu garaji yetu wapaka rangi hawakuwa na chombo cha kupima upepo unaofika kwenye pistole. Walipima kwa shavu. Kabla ya kutia rangi, unaelekeza pistole tupu kwenye uso, umbali wa mukono, unafunga macho, unasikia. Upepo ukizidi, rangi inafika imekauka kama muchanga. Ukipungua, gari inatoka na ngozi ya chungwa. Shavu ya Godelive, ile ya kushoto, ilikuwa haikosei. Muzee Gustave mwenyewe aliita wenzake waje waitazame, kama vile ni shavu ya maonyesho.

Miaka minane iliyopita alipata zona ya uso, ule ugonjwa wengine wanaita mukanda wa jeshi. Malengelenge yalipona, uso ukarudi muzuri kama nilivyomuzaa, lakini ile shavu ya kushoto ilikufa ganzi. Hakumwambia mutu yeyote, hata miye. Gari zikaanza kuharibika: moja ikatoka na muchanga, ingine na machozi ya rangi mupaka chini ya milango. Patro Osée, mwenye garaji, alivumilia, kisha akamwambia kwa upole kwamba basi ya Aru iliyokuwa inangoja ndiyo ya mwisho. Ikiharibika na hiyo, atamupeleka kuosha magari. Fikirini. Mutoto wangu, na mukono ule, kushika ndoo na kitambaa.

Miye nilijua kwa sababu ya mafuta. Nilikuwa ninakaanga mandazi, tone la mafuta ya moto likaruka likamupiga shavuni, naye akaendelea kuongea habari za bei ya unga. Hakupangusa hata. Niliacha kijiko. Nikamwambia: "Godelive, unaungua." Akashika shavu ya kuume. Hapo tulilia wote wawili, mandazi yakaungua, na siku ile garaji walikunywa chai tupu.

Nilimuuliza, basi si upime na shavu ile ingine? Alisema amejaribu. Shavu ya kuume inasikia, lakini haina masomo.

Mutoto wangu si mutu wa kukaa analia. Jumamosi alinunua sokoni saa ya upepo iliyotolewa kwenye gari la zamani, ile ndogo yenye kioo na sindano, Wafaransa wanaita manometre. Akaazima kompresa ya jirani yetu, yule kwado wa kuziba matairi, akaleta nyumbani ili wa garaji wasione. Juu ya meza yangu ya kupondea unga alifungua pistole, akatia kiungo chini ya mushikio wake, akazungushia nyuzi za chuma utepe mweupe wa kuziba upepo, akafunga ile saa hapo. Kompresa ikanguruma, sindano ikapanda kidogo ikaanza kurudi. Upepo ulikuwa unatoroka. Nani aliona wapi? Miye. Nilipaka povu ya sabuni ya vyombo kwenye kiungo, mapovu yakavimba upande wa nyuma, nikasema: "Hapa!" Akakaza. Sindano ikasimama.

Lakini alikaa akaiangalia ile saa kama mutu aliyepewa barua ya luga asiyoijua. Sindano ilikuwa inaonyesha namba, ndiyo, ila namba gani ndiyo ile ya shavu? Mu garaji hakuna aliyewahi kuijua kwa hesabu. Kuipata ilihitaji shavu nzima, yenye masomo, na kuomba shavu ni kutoa siri. Akasema: "Mama, acha tu. Nitaosha magari."

Sikumuomba ruhusa. Jumapili kisha misa nilimungoja Muzee Gustave, aliyekuwa ameshaacha kazi, inje ya kanisa, nikamuleta. Godelive alipomuona akatugeuzia mugongo. Muzee akatazama pistole, akatazama ile saa, akaelewa yote bila kuuliza. Akatoa kofia, akainama mbele yake, akafunga macho, akaweka shavu.

"Haya, piga," akasema. "Ao unataka nizeeke hapa?"

Godelive alifungua upepo pole pole.

"Ongeza. Ongeza. Weye mutoto, miezi yote hii unapaka kwa kubahatisha, na shavu yangu inakaa tu kwa nyumba inangoja wajukuu? Rudisha kidogo. Hapa! Usiguse tena."

Sindano ilikuwa imepita mbili kidogo tu. Nilikimbia kuleta verni yangu ya kucha, tukatia nukta nyekundu juu ya kioo. Tukajaribu rangi kwenye pipa la maji. Lilitoka laini kama bakuli la china. Kuku yangu mweupe alipita nyuma ya pipa wakati ule, akaishi na mukia wa bleu mupaka Pasaka.

Jumatatu Godelive aliwaambia wote mu garaji, patro wa kwanza. Hakuna aliyecheka. Kisha akapaka ile basi ya Aru, na dereva alipokuja kuichukua, alichana nywele zake akijitazama kwenye mulango. Ndoo ya kuoshea haikumuona. Leo pistole zote za garaji ziko na saa na nukta nyekundu, isipokuwa ya Gauthier, mupaka rangi mwenzake, ambaye anaringia shavu yake. Tumuache. Siku yake itafika, na verni ninayo.

Asante, Muzee Gustave. Asante, patro Osée, kwa basi ile moja ya mwisho uliyomupa. Na weye Godelive, siye wote wa garaji tunakuombea mapumziko yenye afya, asubuhi za kuchelewa kuamka, na kuta nyingi za nyumba yangu, maana zinangoja rangi.

Neno kwa wageni. Ijumaa, mukija kumupiga bizu, lile busu la shavuni, ya kuagana, mupige upande wa kuume, huko ndiko atawasikia. Ile ya kushoto muniachie miye. Nilikuwa ninaibusu kabla haijajua kupima upepo.